Ndoo Isiyokwisha

Kwenye Biblia kuna mjane wa Sarepta ambaye pipa lake la unga halikupunguka wala chupa yake ya mafuta haikuisha. Yule mjane alifurahi. Mimi nilikasirika.

Ndoo yangu ya poda ya protini ilikaa juu ya kabati la jikoni, ndoo nyeusi ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, na kwa hesabu yangu ilitakiwa iwe imekwisha mwezi wa tatu. Mwezi wa nne ukaingia, ukakaa, ukaanza kufunga mizigo yake, na ndoo bado ina poda hadi nusu. Nilichota asubuhi, nikachota baada ya mazoezi, nikachota jioni. Nikifungua kesho yake, poda iko palepale. Ningeweza kuvumilia muujiza huo kama ungekuwa peke yake, lakini na mimi nilikuwa sipungui. Nilikuwa naongezeka.

Naomba nieleweke: mimi ni mtu wa vipimo. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini cha kijiji, na jibini halina huruma na mtu wa kukadiria. Nilikuwa napima uji wangu wa shayiri ukiwa mkavu, napima kuku, napima mchele, na poda ya protini nilikuwa najaza kijiko chake halafu nafuta juu kwa mgongo wa kisu ili iwe sawasawa na ukingo. Nilikuwa nakimbia mlimani kabla ya kazi. Nilikuwa nanyanyua chuma jimu mpaka mapaja yananitetemeka kwenye ngazi. Halafu napanda mizani, na mizani inaniambia kinyume cha kila nilichofanya.

Siri yangu ni hii. Kwetu Emmental, milimani kwa wafuga ng'ombe, tunapigana mieleka kwenye maranda ya mbao. Unavaa kaptura ya gunia juu ya suruali, mwenzako anakukamata kaptura hiyo kiunoni na pajani, na wewe unamkamata yake, na anayegusisha mgongo wa mwenzake chini ndiye ameshinda. Kisha mshindi anampangusa aliyeanguka maranda mgongoni. Hilo la mwisho hakuna anayekufundisha, unalikuta kama ulivyokuta salamu. Na hakuna anayekuuliza kilo zako. Mnene na mwembamba wanaingia uwanja mmoja, na uzito ni zawadi ya Mungu, hakuna aliyewahi kuomba apunguziwe.

Mimi nilipigana mieleka hiyo tangu utotoni. Lakini tangu Krismasi nilikuwa nahama. Nilikuwa naenda judo, na baba yangu alikuwa hajui.

Aliyenichukua ni Ines Tavares, Mreno aliyezaliwa Burgdorf, mfupi, masikio yamevimba kwa kusuguliwa na mikeka, mwenye jimu nyuma ya stesheni. Nilikwenda kwake kunyanyua vyuma tu. Akaniona siku moja nikimrusha kijana wa watu kwa masihara, akaniita pembeni.

"Wewe, mtoto wa ng'ombe," akasema. "Nani kakufundisha kurusha watu kama magunia?"

"Baba."

"Msalimie sana. Sasa vua viatu, uingie mkekani."

Mwezi wa pili aliniambia kwamba kituo cha taifa cha judo kinachagua wasichana wapya, kwenye mashindano ya Biel, nafasi moja kwa kila uzani. Kwenye kilo sabini kulikuwa na Oriane Berset wa Fribourg, ambaye Ines alisema hatanyang'anywa nafasi labda akijifungua. Lakini kilo sitini na tatu palikuwa wazi kabisa. Nilikuwa sitini na sita. Kilo tatu tu, mtu mwenye akili timamu anazitoa kwa miezi miwili bila kufa. Nilizitaka kilo zile zitoke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu nina miaka ishirini na moja, na Ines alisema ukweli bila kuupaka asali: mwaka huu au ubaki na jibini lako.

Ungeuliza, kwa nini usimwambie baba? Hujamjua baba.

Tunaishi wawili, juu ya kijiji cha Trub, kwenye shamba la kukodi. Mama yangu aliondoka nikiwa darasa la pili, akaolewa na fundi wa lifti huko Zug, na hakuna ugomvi, ananitumia kadi. Baba, Gottlieb Fankhauser, ni mtu ambaye ukimwuliza saa anafikiri kwanza. Ana mambo yake yasiyoelezeka. Hawezi kuona chombo kitupu ndani ya nyumba: sukari ikifika nusu anaongeza, chumvi hivyohivyo. Ukikwangua sufuria kwa kijiko, anatoka nje. Nilikua nikidhani baba wote wako hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, wazee wa klabu yetu ya mieleka hawakutaka wasichana. Mzee Zaugg, jirani yetu, alisema kaptura ya gunia si sketi. Kwenye mkutano, baba yangu, mtu asiyefungua mdomo hata msibani, akasimama. Alisema: "Mimi nililelewa kwa watu. Mtu wa kwanza kunigusa mgongo bila kunipiga ni mtu aliyeniangusha humu ndani. Nataka na wa kwangu apanguswe." Akakaa. Wakanipokea, ingawa Zaugg alikaa mwaka mzima bila kumsalimia. Kabla ya siku ile sikuwahi kumsikia baba akitaja utoto wake, wala baada yake.

Basi mwambie mtu huyo kwamba unayaacha maranda. Mwambie wakati amekwishaifua kaptura yako na kuianika barazani, kwa sababu wiki moja baada ya Biel kuna sikukuu ya mieleka ya wanawake Eggiwil, na ameshatangaza mpaka kwa daktari wa mifugo. Mimi sikuweza. Nilijiambia nitamwambia nikishapata nafasi, maana ukiwa na nafasi mkononi, uongo wako unaitwa subira.

Kwa hiyo alichokiona yeye ni binti anayejiandaa kwa ajili ya Eggiwil. Siku moja alisimama mlangoni mwa jikoni akiangalia nikichota poda.

"Hiyo imetengenezwa na nini?" akauliza.

"Maji ya jibini. Wanayakausha, wanatia vanila."

"Maji ya jibini?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya tunayowapa nguruwe?"

"Hayohayo."

Akafikiri. "Na unayalipia."

"Baba, nina haraka."

"Nimeuliza tu," akasema. Kisha nikafuta kijiko kwa kisu, na yeye akatoka nje. Nilidhani amekwenda kuwacheka nguruwe.

Wiki za kwanza kilo zilianza kutoka vizuri, moja, halafu nyingine. Halafu zikasimama. Halafu zikarudi. Nikapunguza mchele, zikarudi. Nikaongeza mbio, zikarudi. Maziwa niliyochanganyia poda yalikuwa ya kwetu, na nilikuwa nimemwomba baba ayaengue mafuta kabisa, na jagi lilikuwa linanisubiri kila asubuhi kwenye friji. Yote yalikuwa sawa. Nilikagua hesabu zangu kama karani anayeshukiwa, na kila nilipojumlisha nilipata mtu aliyekonda.

Nikaishuku mizani. Tuna mizani nyingine zizini, ya kupimia ndama, na hiyo haiwezi kudanganya kwa sababu wanunuzi wa ndama wangekwishamuua mtu. Nikamkuta baba huko na ndoo zake.

"Baba, mizani ya ndama iko sawa?"

"Iko sawa. Ina nini?"

"Nataka nipande."

Hakuuliza sababu. Alimsukuma ndama pembeni kwa goti, nami nikapanda, nikashika vyuma vya pembeni, na ndama akawa ananilamba kifundo cha mguu. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Sitini na tano na ushee," akasema baba, na ninakuambia, mtu yule alitabasamu. "Umeanza kujaa."

"Si jambo la kuchekea, Baba."

"Nani anacheka? Nafurahi. Juzijuzi ulikuwa umebaki mifupa na hasira."

"Na sasa?"

"Sasa imebaki hasira."

Nikashuka kwenye mizani nikiwa sielewi kitu. Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyefanikiwa, na mimi ndiye niliyefanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imeharibika. Nilitaka kumpigia kelele na sikuwa na kosa la kumtajia. Nikaenda kukimbia.

Ines naye alikuwa na maelezo yake.

"Unakula kwa siri."

"Sili, Kocha."

"Basi unakula kwa uwazi."

"Nakula ulichonipangia, gramu kwa gramu!"

"Mwili hauna uchawi, dada. Kinachoingia ndicho kinachokaa. Kuna kitu kinaingia hapo." Akanigusa tumbo kwa kidole. "Mimi sijui ni nini. Wewe unajua."

Mimi sikujua. Na mtu akiambiwa kitu hicho mara nyingi, anaanza kujitilia shaka. Nikajiuliza, je, kama nainuka usingizini na kula? Nimesikia wapo watu wa hivyo. Nikachukua kengele ya ndama, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango wa chumba changu, ili nikitoka nisikie. Kengele ililia nilipokwenda chooni tu. Baba aliiona asubuhi, akaitazama, akaitikisa kidogo, akaenda kukamua. Kwetu mtu akifunga kengele mahali, inachukuliwa ana sababu zake.

Na ile ndoo, haiishi. Nilifikia hatua ya kuipima, na nilipoipima ilikuwa nzito kuliko wiki iliyopita. Nikakaa chini jikoni, ndoo mapajani, nikacheka peke yangu, halafu nikaogopa. Nilidhani kwa kushinda na njaa nimeanza kusahau, kwamba labda nilinunua ndoo nyingine na sikumbuki. Nikaacha kuamini kichwa changu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu kichwa changu ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitegemea.

Ijumaa nilimwambia baba kwamba kesho naenda Biel kumsaidia rafiki kuhama nyumba. Akasema sawa, akanifungia mkate wa kusuka na jibini kwenye karatasi. Sikuula. Niliwapa kuku, na niliona aibu mbele ya kuku.

Siku tatu za mwisho nilijinyima chakula na hata maji, na Jumamosi alfajiri bado nilikuwa nimezidi kwa gramu mia tisa. Nilikimbia kuzunguka ukumbi wa Biel nikiwa nimevaa makoti mawili na mfuko wa takataka, Ines akinifuata kwa baiskeli ya kuazima akinitukana kwa Kireno. Jasho lilitoka mpaka likakoma lenyewe. Nikaenda kupanda mizani nikiwa na nguo za ndani tu, mdomo mkavu. Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo akasoma namba, akasoma tena, akanitazama kwa huruma.

"Umezidi, binti. Pole. Anayefuata."

Gramu mia tano. Uzito wa kipande cha jibini unachomkatia mteja bila kufikiri.

Ines alinikalisha kwenye korido. Nilitoa chupa yangu ya poda kwenye begi, niliyokuwa nimeikoroga nyumbani tayari kwa baada ya kupima, maana sasa hakukuwa na sababu ya kuendelea na kiu. Akaninyang'anya. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Madlen. Hii ni nini pembeni ya chupa?"

Ulikuwa utando. Utando wa njano, wa mafuta, umeganda kuzunguka kioo.

"Poda yako, uliyonipangia," nikasema.

"Poda yangu haina mafuta hata ya kupaka mdomo." Akaonja. Uso ukajikunja. "Yesu! Wewe hii umeitoa wapi?"

Nikaichukua, nikanusa. Harufu ile nilikuwa nainusa kila siku, lakini kwetu kila kitu kinanuka zizi, mpaka taulo, mpaka Biblia, pua imeshachoka kutofautisha. Pale kwenye korido iliyonuka soksi na dawa ya sakafu, mbali na ng'ombe wote, niliinusa kama mgeni. Vanila, ndiyo. Na chini ya vanila, kitu kitamu kizito, kitu cha asubuhi, cha ndimi ndogo zinazonyonya vidole.

"Ni ya ndama," nikasema.

"Ya nani?"

"Maziwa ya unga ya ndama. Ya kunenepesha."

Ines akaiweka chupa chini. "Ndama anaongezeka kiasi gani kwa siku?"

"Karibu kilo."

"Basi mshukuru Mungu," akasema, akakaa sakafuni, akaziba uso kwa mikono, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Nikampigia baba. Alipokea akiwa zizini, nilisikia mashine ya kukamua ikipumua.

"Baba, umetia nini kwenye ndoo yangu?"

Mashine ikapumua.

"Kidogo tu," akasema.

"Kidogo nini?"

"Unga wa ndama. Lakini ule mzuri, si ule wa bei rahisi. Nilisoma kwenye mfuko, nao umetoka kwenye maji ya jibini. Ni kitu kilekile."

"Na maziwa? Si uliniambia unayaengua?"

"Nilikuwa naengua."

"Baba!"

"Naengua, halafu namrudishia."

"Unamrudishia nani?"

"Jagi."

Nilipiga ukuta kwa kiganja. Watu wakageuka. "Kwa nini? Niambie kwa nini, mimi nilikuwa napata wazimu huku, nimefunga kengele mlangoni kwangu kama mgonjwa! Kwa nini?"

"Ilikuwa inaisha," akasema.

"Si ningenunua nyingine?"

"Ulikuwa unafuta kijiko kwa kisu, Madlen."

Sikuelewa. Nilikaa kimya kwa sababu sikuelewa, na nadhani yeye akadhani nimeelewa, maana aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka ikabidi nizibe sikio la pili.

"Kule nilikolelewa, mama mwenye nyumba alikuwa ananipimia unga wa uji. Anajaza kikombe, anafuta juu kwa kisu. Watoto wake hakuwafutia. Mwenye kitu cha kutosha hafuti, mwanangu. Nikajua umeishiwa, na wewe si mtu wa kuomba. Nikasema, isiishe. Wewe uchote tu, isiishe."

Kuna hasira ambayo ikikosa mahali pa kwenda inakimbilia popote. Yangu ilitoka kama matapishi. Nikamwambia kwamba sikuwa na njaa, nilikuwa napima, ni vipimo tu. Nikamwambia hakuna rafiki anayehama. Nikamwambia niko kwenye judo, kuna kilo zinatakiwa, nimezidi kwa gramu mia tano, na gramu mia tano hizo ni zake, na nafasi yangu imekwenda.

"Judo," akasema baba.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Krismasi."

"Na Eggiwil?"

"Sijui, Baba."

Mashine ikapumua, ikapumua. "Ungeniambia," akasema.

"Na wewe ungeniambia!"

Alifikiri juu ya hilo. Nilimsikia akifikiri. Kisha akasema, "Nimebakiza ng'ombe wawili," akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu. Je, amekasirika? Ameumia? Au kweli ana ng'ombe wawili tu? Ines alikuwa amesimama, amesikia upande wangu wote wa maneno.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema taratibu, "na nyinyi wawili mmekutana katikati yake." Kisha akanivuta mkono. "Nimeongea na meza. Wamekuhamishia sabini. Nafasi ni ya Oriane, tunajua. Lakini umekuja Biel, utapigana. Kunywa maji."

Kura ilinipa Oriane mwenyewe, pambano la kwanza. Mtu mrefu, mtulivu, shingo nene, anatafuna midomo. Tukainamiana. Nilikuwa na maji tumboni na baba kichwani, na mikono yangu ikafanya ilichojua tangu utoto: ilishuka ikakamata suruali yake pajani, pale ambapo kaptura ya gunia ingekuwa. Kwenye judo ni marufuku. Mwamuzi akasimamisha, akanipa onyo. Nikarudi. Tukashikana koti. Nilimpata mara moja, vizuri kabisa, nilihisi miguu yake ikiacha mkeka, na ukumbi ukavuta pumzi. Lakini alijipinda hewani kama paka, akatua kwa tumbo. Safari iliyofuata nilichelewa. Niliona taa za dari, nikasikia mgongo wangu ukipiga mkeka mzima mzima, na mwamuzi akanyoosha mkono juu. Imekwisha.

Nikainuka. Na hapo, sijui nisemeje, nikamgeuzia Oriane mgongo, nikasimama, nikangoja.

Nilingoja kweli. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kidogo, mabega nimeyalegeza, kama nilivyofanya kila mara nilipoanguka tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Sikuelewa kwa nini mkono hauji.

"We, vipi?" nikasikia Oriane akininong'oneza nyuma yangu. "Umeumia mgongo?"

Mwamuzi akapiga makofi mawili, akanionyesha nigeuke, niiname. Kumbe kumpa mwenzio mgongo kabla ya kuinama ni dharau kubwa kule. Watu jukwaani wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wengi. Nikageuka, nikainama, uso unawaka.

"Ulikuwa unasubiri nini pale?" Ines akaniuliza niliposhuka. "Teksi?"

Nilipita mbele yake kuelekea mlango wa vyumba vya kubadilishia, na kwenye kizuizi cha chuma, kati ya wazazi wenye vikombe vya kahawa na makoti mazuri, alikuwa amesimama baba. Alikuwa na shati safi na suruali ya zizini. Viatu alikuwa amejaribu kuvisafisha.

Moyo wangu ulikimbilia pande mbili kwa wakati mmoja. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka ardhi immeze, au inimeze mimi, yeyote aliye karibu.

"Ng'ombe wawili?" nikasema.

"Nimemwachia Zaugg."

"Zaugg? Umemwambia unaenda wapi?"

"Nimemwambia binti yangu anapigana Biel."

"Nimeanguka, Baba."

"Nimeona."

"Na nafasi imekwenda."

"Nimesikia." Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali, kwanza kiganja, halafu nyuma yake. "Ule unga," akasema, "sitatia tena." Kisha akasema, "Geuka."

"Baba, hapa hawafanyi hivyo."

"Geuka, mama."

Nikageuka. Akaweka mkono kwenye bega langu la kushoto, akapangusa kushuka chini, kiganja kizima, taratibu, halafu kulia, halafu katikati ya mgongo, kama inavyotakiwa. Koti langu la judo lilikuwa jeupe, halina kitu. Nyuma ya kizuizi watu walikuwa wameacha kunywa kahawa zao. Nililia, na sikuficha.

"Hakuna maranda, Baba," nikasema.

"Najua," akasema, akaendelea kupangusa.